Salamanda ya Tonton Séraphin na Baridi ya Matanga

Wasikilizaji wapendwa, bonsoir, jambo! Mukae karibu, niko na habari, na moyo inanipiga tangu asubui. Tonton Séraphin, muzee wetu wa Anderlecht hapa Ubelgiji, alituacha Jumatatu. Ndiyo, Séraphin, ule mwalimu wa biologie wa Bukavu. Ile munajua. Kile hamujue ni nani alibakia mu chumba yake ya nyuma.

Salamanda moja, jike. Kanyama kadogo, urefu wa kidole. Kanafanana na mujusi, lakini ngozi iko majimaji kama ya chura. Kwao ni Guatemala, mu pori ya milima, kule mawingu inaingia mpaka kati ya miti. Na haina mapafu! Wasikilizaji, haina mapafu. Inapumua na ngozi. Ngozi ikikauka, kwisha.

Tangu mwaka wa 2009 tonton alikuwa anachunga hii kizazi, sababu kule kwao inaisha. Banakata pori, banapanda kahawa, banaweka ng'ombe. Joto inapanda, mawingu inakimbia juu. Tena kuko kuvu moja inakula ngozi ya masalamanda, na batu banaibeba ku viatu na ku mikono. Hapa Ubelgiji imeisha kuua za porini. Donc ukitoka kutembea mu pori ya hapa karibu, forêt de Soignes, tonton anakusimamisha ku mulango: "Viatu inje! Mikono, sabuni!"

Binti yake Myriam analia huku anacheka: "Ule ndiye mutoto wake wa mwisho. Mimi mukubwa, nilikuwa nanawa mbele ya kumusalimia papa!"

Bon. Matanga ya kwetu munaijua. Januari, theluji inje, nyumba inajaa, sombe, majani yetu ya muhogo, iko ku moto. Tonton Jérôme, ndugu ya marehemu, akaona bamama banatetemeka. Akafungua chauffage yote, ile mitambo ya joto, mpaka ya chumba ya nyuma. Ni heshima, hapana? Mugeni wa matanga hawezi kusikia baridi.

Nilikuwa pale, nabeba sahani. Maman Euphrasie, mujane mwenyewe, anaruka kutoka ku mukeka: "Jérôme! Unaniulia na wa pili?"

Thermomètre ya kisanduku: digrii 26. Salamanda inataka 15. Kanyama kamelala ubavu, hakasogee. Nyimbo ikakatika. Madirisha yote wazi, theluji inaanguka ndani ya sombe, na batu bazima na mamanteau, makoti ya baridi, banaomba Mungu juu ya salamanda! Niliogopa, wasikilizaji. Tonton Jérôme, mukubwa vile, akapiga magoti mbele ya kisanduku: "Maman kidogo, pumua. Tafazali, pumua."

Leo asubui mukia ilitikisika. Mara moja tu. Bado haijakula. Bado tunaogopa.

Pole sana, Maman Euphrasie. Pole, Myriam. Pole, Tonton Jérôme, usijihukumu, ulitaka batu basikie muzuri. Lakini wasikilizaji wapendwa, tufikiri: pori nzima ikipata joto vile, nani atafungua dirisha?

Matanga inaendelea kesho, kulekule Anderlecht. Viatu inje. Mikono, sabuni. Chauffage imezimwa, muvae manteau. Na mukisikia baridi, muvumilie. Sisi tuko na mapafu.