Moto Haupotei: Maisha ya Mama Digna wa Idete

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu na jamaa mliotoka Mahenge na Ifakara, majirani wa Idete na wa vijiji vyote vya bondeni, Tumsifu Yesu Kristu. Haya ni maisha ya Verediana, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Digna, kama yalivyoandikwa na mumewe, Mwalimu Leodegar, nayo yanasomwa kwenu na kaka wa marehemu, Fridolin, kwa niaba ya familia zote mbili, kabla hatujamlaza kando ya mwanawe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1926, milimani upande wa Mahenge, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Apolinari, aliyekuwa seremala wa misheni, na mama Rosa, ambao wote wawili wamemtangulia. Alisoma katika shule ya wasichana ya misheni kuanzia mwaka 1935 hadi 1940, akajifunza kusoma, hesabu na ushonaji, na katika yote aliyofundishwa huko, jambo alilolirudia nyumbani mara nyingi kuliko mengine ni agizo la sista aliyewafundisha kushona, kwamba mtu akiletewa nguo iliyochanika asikimbilie kiraka, atafute kwanza mahali ilipoanzia kuchanika. Mwaka 1942 aliteremka Ifakara, akaajiriwa katika chumba cha ushonaji cha hospitali, akashona mashuka na kanzu za wagonjwa hadi alipoolewa.

Ndoa yake na Mwalimu Leodegar, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Makerere, ilifungwa tarehe 28 Agosti 1948 huko Ifakara, na mwaka uliofuata mume alipopangiwa shule ya hapa Idete walihamia wote, wakiwa na cherehani moja, sanduku la vitabu na mitetea wawili ambao mmoja wao alitoroka njiani. Mungu aliwajalia watoto watatu, Digna aliyezaliwa tarehe 19 Juni 1949, Viktor aliyezaliwa mwaka 1951 na Rosa aliyezaliwa mwaka 1953, na kati ya hao Viktor na Rosa wapo hapa pamoja nasi.

Asubuhi ya tarehe 11 Februari 1952 Digna alishikwa na malaria kali, akapakiwa na mama yake katika lori la wakulima kwenda hospitali ya Ifakara, lori kuukuu lililobaki toka wakati wa vita, ambalo hapa kwetu lilibeba mpunga, wagonjwa na maharusi bila kubagua, na lilipofika kwenye lile korongo ambalo wasafiri wamelipa jina la Shuka Usukume, likazima. Dereva, ndugu Dionisi wa Lipangalala, alifungua boneti, akatazama, akasema neno wanalolisema madereva wote, kwamba moto umepotea, yaani umeme wa kuwasha injini haufiki, basi abiria wakashuka, wakasukuma, wakapumzika, wakasukuma tena kwenye matope, na jua lilipopinduka Digna akafariki mikononi mwa mama yake, lori likiwa bado limesimama. Dionisi alilia siku ile hadi ikabidi wengine wambembeleze yeye, na marehemu hakumlaumu hata mara moja, wala familia haimlaumu. Baadaye wapo waliotaka kumwita Mama Viktor, wakidhani wanampunguzia uchungu, naye akawaambia kwa upole, "Niiteni Mama Digna, mtoto hafutwi kwa kufa."

Baada ya msiba, jioni moja, alimuuliza mumewe, ambaye alizoea kumwita Mwalimu hata nyumbani, moto ukipotea huwa umekwenda wapi. Mwalimu alichukua betri, balbu na nyaya alizokuwa akifundishia darasani, akamwonyesha juu ya meza ya chakula kwamba umeme hutoka upande mmoja wa betri, hufanya kazi yake, kisha lazima urudi upande wa pili, na kwamba katika gari njia ya kurudia ni chuma chenyewe cha gari, kwa hiyo waya ukichubuka na kugusa chuma, umeme hupita hapo hapo, hauendi tena kazini, kisha akazigusanisha nyaya mbili, balbu ikazima. Marehemu aliitazama ile balbu iliyozima, akasema, "Basi haukupotea, Mwalimu. Ulirudi mapema."

Tangu hapo nia yake ilikuwa moja tu, kwamba mgonjwa mwingine asifie Shuka Usukume, na kila lori lilipopumzika hapa kijijini alikwenda na kikapu chake cha kushonea, akamwomba Dionisi amtajie kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi. Nyaya zile za zamani zilivikwa nguo, na rangi zake zilikwisha kufa kwa mafuta na vumbi hata zote zikawa kama kamba moja, kwa hiyo akafunga uzi wa cherehani kwenye kila waya, mwekundu kwa ule utokao kwenye betri, wa bluu kwa taa, mweupe kwa ule mwembamba utokao kwenye koili, kile kifaa kinachokuza umeme, kwenda kwenye kikombe kinachogawia plagi moto. Dionisi alimwambia, "Mama Digna, hii si cherehani," naye akajibu, "Cherehani nayo uzi ukikatika husimama, shemeji, ila yenyewe haina maneno mengi." Kisimani wanawake walitania kwamba Mama Digna analishonea lori gauni, wakauliza kipaimara ni lini.

Ugonjwa wenyewe wa lori ulikuwa mgumu kwa sababu haukukaa, mafundi waliliangalia lori likiwa limesimama mahali tambarare, wakasafisha kabureta, wakabadilisha plagi, nalo likaunguruma vizuri na kurudi kama lililopona, kisha likazima tena njiani. Wapo waliosema korongo lina wenyewe. Marehemu ndiye aliyekumbuka kwamba siku ya Digna kopo la maji aliloliweka pembeni yake lilikuwa likiteleza na kumrudia mapajani, kwa sababu lori lilikuwa limelalia kushoto, akamuuliza Dionisi mahali pengine lilipozimia, na walipopataja pamoja waliona kwamba kote barabara ililalia kushoto, upande wa mto. Dionisi alipomuuliza amejuaje, alimjibu tu, "Nilikuwa nimekaa pale."

Tarehe 20 Aprili 1955, masika yakiwa yamekolea, lori lilitoka Idete likiwa na Katarina, mke wa mvuvi, aliyekuwa katika uchungu wa uzazi tangu siku iliyotangulia, mkunga akiwa amekwisha kusema kazi hii imemshinda, na marehemu alipanda pamoja naye. Likazima palepale. Wanaume waliruka chini kwa mazoea na kuweka mabega, lakini Mama Digna akasimama nyuma ya lori akanyoosha mikono, akasema, "Msilisukume! Likikaa sawa ugonjwa utajificha." Mmoja akamfokea, "Mama, mtu anakufa humu!" naye akamjibu, "Najua. Ndiyo maana nasema msilisukume." Wote waliokuwapo walikuwa wakijua nani amesema neno lile na ni mahali gani anapolisemea, wakashusha mabega.

Alimwomba Dionisi afungue swichi bila kuwasha, akafungua boneti, akajifunika kanga yeye na injini pamoja ili apate giza mchana ule, akaanza kusogeza waya mmoja mmoja kwa rula yake ya mbao ya kukatia nguo, akifuata nyuzi, na alipougusa waya wa uzi mweupe akaona cheche ndogo ya bluu ikiruka mahali waya ulipolalia chuma, akapiga kelele kwa furaha, "Moto! Moto huu hapa!" Bibi Margareta, mama mzazi wa Katarina, ambaye hakujua lugha ya madereva, alichoona ni mwanamke aliyefunikwa kanga ndani ya gari akilia moto, akanyakua ndoo, akachota maji ya korongo, akammwagia yeye na injini. Marehemu akainuka akichuruzika, akasema, "Jamani, mama, nimesema nimeuona moto, sikusema tunaungua!" na Katarina, katikati ya maumivu yake, akacheka, akashika tumbo, akalia, akacheka tena.

Kicheko hakikudumu, kwa kuwa sasa palikuwa na maji mahali pasipotakiwa hata tone, na nguo za kila mtu zilikuwa zimelowa mvua. Katarina ndiye aliyefungua kifurushi chake mwenyewe, akatoa nguo kavu za mtoto asiyezaliwa bado, akazirusha chini akisema, "Shikeni hizo, yeye atazikuta." Kwa nguo hizo walikausha kikombe, plagi na nyaya, na marehemu akaonyesha mahali ambapo nguo ya waya mweupe ilikuwa imetafunwa na panya, wale waliofuata mpunga kwenye lori na kulala chini ya boneti kwenye joto, akauzungushia waya ule ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, akaufunga kwa uzi wake, akauvuta mbali na chuma. Dionisi alizungusha hendeli, lori likawaka likiwa vilevile limelalia kushoto, wakafika hospitali kabla ya jioni, na mtoto wa kike akazaliwa salama, akabatizwa Margareta kwa jina la bibi yake, ingawa bibi mwenyewe mpaka leo humwita Moto.

Baada ya hapo marehemu alikagua nyaya za lori lile kila mwisho wa mavuno, akazipaka pilipili kichaa iliyotwangwa na mafuta ili panya wasizirudie, jambo lililowatoa machozi madereva wengi kabla hawajajua sababu. Alikuwa pia mshonaji wa kwaya, mjumbe wa chama cha kina mama wa parokia na mtu wa maneno machache, na hakupenda lori litajwe mbele yake kwa sifa, akisema kwamba amechelewa miaka mitatu.

Kuugua kwake kulianza mwezi Novemba 1958, akichoka upesi, miguu ikivimba, pumzi ikikata apandapo hata ngazi za kanisa, na daktari alieleza kwamba mlango mmoja wa moyo wake umekaza, yamkini tangu homa aliyougua utotoni, na kwamba dawa zingempunguzia taabu lakini zisingemponya. Alitibiwa, akapata nafuu, akashona tena, na mwezi Agosti mwaka huu hali ikageuka. Tarehe 29 Agosti alipakiwa katika lori lile lile, amelazwa juu ya godoro, mumewe akimshika, na walipokaribia Shuka Usukume Dionisi alipunguza mwendo. Lori likainama kushoto. Marehemu alikuwa amefumba macho akisikiliza injini, nayo iliendelea kuunguruma, ikashuka, ikapanda, na alipohisi godoro limekaa sawa akauliza, "Tumepita?" Dionisi akajibu kutoka mbele bila kugeuka, "Tumepita, Mama Digna." Akasema, "Basi," na njia iliyobaki akalala usingizi.

Alifariki hospitalini Ifakara tarehe 5 Septemba 1959, alfajiri, akiwa amekwisha kupokea sakramenti, mumewe na kaka yake wakiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu. Tangu juzi wengi wamesema kwamba tumempoteza, na wamesema kwa upendo, lakini yeye alilikataa neno hilo mbele ya balbu ndogo kwenye meza yake, na kwa heshima yake familia inaomba kulisema kama ambavyo angelisema yeye, kwamba hakupotea, amefanya kazi yake na amerudi mapema.

Familia inawashukuru madaktari, masista na wauguzi waliomhudumia hadi mwisho, majirani wa Viwanja Sitini kule Ifakara waliokesha na mwili wake nyumbani kwa Fridolin, walimu wenzake na Mwalimu Leodegar waliobeba vipindi vyake bila kuombwa, kwaya, kina mama wa parokia, majirani wa Idete waliochimba kaburi hili karibu na la Digna, Katarina na mama yake waliopika tangu jana, na ndugu Dionisi, ambaye leo asubuhi amemrudisha nyumbani. Tunawaomba wakulima, lori litakapofanyiwa matengenezo, nyuzi zile zisikatwe.

Leo asubuhi pale Shuka Usukume lori liliinama upande wa mto, na halikuzima.

Tumepita, Mama Digna. Pumzika sasa, kwa amani.