Kivimbe cha Mzee Bartholomayo

Asubuhi hiyo kwenye benchi langu la kahawa, hapa Matiri, walikuwepo Mzee Bartholomayo, Kilian fundi cherehani tunayemwita Profesa, Leopold wa bodaboda tunayemwita Breki, na mimi, mwanangu mgongoni. Mzee alikuwa amevua ndala. Kwenye kidole gumba, karibu na ukucha, palikuwa na kivimbe king'aavu kama punje ya mahindi. Kiatu hakiingii, na Jumamosi anamsindikiza binti yake Lidia altareni. Breki alikuwa amejisogeza hadi akabaki nusu tako hewani, ili mguu wa mzee upate pa kulala.

— Huyo funza, alisema Profesa. Tena funza mama.

— Funza gani hana doa jeusi? alibisha Breki.

— Wa siku hizi wanajificha.

— Acha zako! Mzee amevaa gambuti masika yote. Maji yaliingia, sasa yamekosa pa kutokea.

— Kwani mguu ni dumu?

— Haya, Profesa, sema wewe.

— Kama si funza, basi ukucha wa pili unazaliwa. Mwakani tutahesabu vidole sita.

Mzee alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye pini. Profesa alikuwa ameichomoa kwenye ukosi na kuichovya kwenye kahawa ya moto, eti kuua vijidudu.

— Toboa tu, mwanangu, alisema mzee. Siwezi kumpeleka mtoto kanisani na ndala.

Hapo akafika Dafrosa, muuguzi wa zahanati.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mama.

Alichuchumaa, akakishika kidole taratibu.

— Kimeanza lini?

— Kahawa ilipokuwa inachanua.

— Na sasa tunachuma. Funza gani anakaa muda wote huo?

Profesa alirudisha pini kwenye ukosi.

Dafrosa alimulika kwa tochi ya simu. Mwanga ukapenya, kivimbe kikawaka chote.

— Ni kifuko cha ute, baba, unatoka kwenye kiungo. Mkitoboa hapa, uchafu utaingia ndani. Daktari atauvuta kwa sindano safi. Kikirudi, atakikata.

— Panda, mzee, alisema Breki. Naelekea huko huko hospitali.

Sote tulijua haelekei huko.

Jumamosi Mzee Bartholomayo alimsindikiza Lidia, mguu mmoja ndani ya kiatu, mwingine ndani ya bandeji, na hadi leo kivimbe hakijarudi.