Chekeche la Bi Zohra

Mheshimiwa Mkurugenzi wetu, Bwana Fethi Jallouli; waheshimiwa wakuu wa idara; mabibi na mabwana wa Ofisi ya Takwimu za Mizeituni hapa Sfax; na ninyi mliosimama ukutani kwa kukosa viti, ambao sababu ya kuwapo kwenu nitaieleza punde: amani iwe juu yenu.

Mimi Dalenda, mdadisi wa mashambani, nimepewa heshima ya kumuaga Bi Zohra Kammoun, anayestaafu leo, aliyetuandikia programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo R tangu baadhi yenu mkinyonya. Nitasema ukweli wote, maana karatasi za pensheni yake zilisainiwa jana, nimehakikisha kwa macho yangu.

Mnaukumbuka ule mwaka wa kubana matumizi? Mheshimiwa aliingia ofisini kwa Bi Zohra amekunja uso, nami nilikuwepo, nimeleta takwimu za mavuno.

"Bi Zohra, nichujie hao wadadisi. Wabaki wenye shahada tu. Wengine sitaki kuwaona."

"Hutawaona, mkuu."

Akaandika mstari mmoja. R ikampitia kila mtu kwenye orodha na kumuuliza: una shahada? Mwenye nayo akatokea kwenye skrini. Asiye nayo, kama mimi, hakuonekana. Wanangu ningewalisha nini, majani ya mizeituni?

"Safi," akasema Mheshimiwa. "Sasa tuma orodha wizarani Tunis, waongezewe mkataba hao tu."

"Orodha naituma sasa hivi."

Ndugu zangu, chekeche la R si kama la mama zetu. Linakupa orodha mpya iliyochujwa, lakini ile ya kwanza inabaki nzima, mpaka wewe mwenyewe uihifadhi hiyo mpya mahali pake. Bi Zohra hakuhifadhi kitu. Iliyokwenda Tunis ni ile ile ya kwanza, nasi sote tukaongezewa mkataba. Mheshimiwa alinung'unika wiki nzima: "Watu wa Tunis mwaka huu wana huruma kupita kiasi." Nilipomuuliza Bi Zohra, akaniambia, "Mdogo wangu, aliomba asiwaone. Kuwafuta hakusema."

Je, Mheshimiwa, si juzi tu ulimwagiza achuje waalikwa wa leo, wabaki wakuu wa idara? Si uliitazama skrini ukaridhika? Hebu geuka nyuma. Ndiyo maana kuskusi ya samaki haitoshi.

Bi Zohra, dada yangu, ofisi itapwaya bila wewe, na mimi nikifika nyumbani nitalia. Leo serikali imeipitia orodha yetu, ikauliza nani ametimiza umri, ikakuchuja. Tumeona, tumepiga makofi. Lakini kuhifadhi, hatujahifadhi. Kiti chako cha dirishani hakikaliwi na mtu. Njoo Jumatatu, chai ya nanaa ipo.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu, na wewe, Mheshimiwa, zaidi ya wote. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na aliyefundishwa na Bi Zohra kutuma orodha ni mimi.