Aliyezaliwa Sakristia Asubuhi ya Mwaka Mpya

Ndugu zangu katika Kristo, amani iwe nanyi. Mtaniruhusu niseme nikiwa nimekaa, maana magoti haya yamechoka. Na mtaniruhusu niseme Kiswahili. Baba yangu alikuwa polisi, alihamishiwa Kampala kutoka kaskazini, nami nikakulia kambini. Luganda yangu mnaijua, inawachekesha. Majina sitataja. Wengine wana watoto mjini humu.

Siku zile za utawala wa jeshi nilikuwa mkunga katika zahanati ya masista, na mume wangu alikuwa askari magereza Luzira. Tulikaa kwenye nyumba za askari, karibu na ziwa. Alfajiri ukungu ulipanda kutoka majini ukaingia mpaka jikoni, naye akinywa chai yake mlangoni, nusu ya mwili imemezwa na weupe ule. Ndivyo ninavyomwona mpaka leo.

Mchana mmoja walikuja wanaume wenye miwani myeusi. Walisema kwa upole kwamba wana maswali machache. Akaniomba shati safi, akalivaa, akafunga vifungo vyote, akaingia kwenye gari lao. Hakupigwa, hakuvutwa. Aliondoka kama mtu anayekwenda harusini. Hakurudi, wala sikuletewa mwili wa kuzika.

Nyumba ilikuwa ya serikali, ikabidi nitoke. Nikapata chumba mtaa wa Kamwokya. Nilijaribu kurudi kazini, lakini kila niliposhika kitu mikono ilitetemeka. Sista mkuu akaniambia nikapumzike, akasema nafasi yangu haitachukuliwa na mtu.

Ndugu zangu, nawaambia, kuna huzuni isiyo na machozi. Nilikaa kitandani nikisikia soko, redio, watu wakigombania sukari iliyoadimika, na yote yalinifikia kama sauti za watu walio ng'ambo ya maji. Nilisahau kula. Jirani yangu, mama wa Kiislamu wa ukoo wa wafanyabiashara waliokuja zamani kutoka pwani, alikuwa akiniletea uji. Anakaa mpaka nimalize, anachukua kikombe, anaondoka bila kuniuliza kitu.

Mwaka ukaisha. Misa ya mkesha haikuwepo, watu waliogopa kutembea gizani, kwa hiyo paroko alitangaza misa ya asubuhi. Yule jirani ndiye aliyenitoa. Aliingia na gauni langu amelipiga pasi, akasema, "Nyabo, mama yangu, uliniambia Mwaka Mpya kwenu ni sikukuu ya Bibi Mariamu. Nenda ukamsalimie." Akanisindikiza mpaka mlima wa kanisa unapoanza.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Jua likapita kwenye vioo vya rangi, na moshi wa ubani ukawa wa bluu, halafu wa dhahabu. Kwaya iliimba, nami nikajiona kama ninaelea, sina uzito wowote. Sikuomba kitu. Niliwaza tu: Mama Maria, hata wewe walikuja kumchukua wako.

Mbele yangu alikaa mwanamke kijana, mjamzito, pamoja na mume wake aliyevaa sare ya jeshi. Kushoto na kulia kwao benchi lilikuwa wazi. Wakati wa matoleo yule mwanamke akainama, maji yakamwagika sakafuni. Akaita kwa Kiswahili cha kambini, kama changu, "Mama zangu, nisaidieni."

Hakuna aliyesogea. Siwalaumu. Mnajua sare ile ilikuwa na maana gani kwetu. Yule mwanajeshi akageuka huku na huku, na nikaona anatuogopa kama sisi tunavyomwogopa. Moyo wangu uliniambia, kaa hapo hapo. Mwanamke akaita tena, safari hii kwa sauti ndogo, "Mama." Banange, jamani, miguu yangu ilisimama kabla moyo haujakubali.

Mumewe akambeba mpaka sakristia, chumba anachovalia padri. Nikanawa, na nilipotazama mikono yangu ilikuwa imetulia. Hakuwa mzazi wa mara ya kwanza, mtoto alikuja haraka. Wa kike. Alikuwa na rangi ya samawati, kimya. Nikamsafisha pua na kinywa, nikamsugua mgongo kwa taulo la padri, nikampulizia pumzi kidogo kidogo. Nyuma ya mlango kwaya ilikuwa kwenye wimbo wa komunyo, mbali sana, kama inaimba ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Kisha mtoto akalia.

Nikacheka. Nilicheka nikiwa na damu mpaka kwenye viwiko, na sikuweza kujizuia.

Mwanajeshi alipiga magoti, akauliza, "Mama, mume wako yuko wapi, nimshukuru na yeye?"

Nikasema, "Alichukuliwa."

Aliinamisha kichwa. Halafu akasema polepole, "Nisamehe, mama."

Sikumuuliza anaomba msamaha wa nini. Nilimwekea mtoto mikononi, nikamwonyesha namna ya kushika shingo.

Siku iliyofuata nilivaa nguo zangu za kazi nikaenda zahanati. Sista mkuu alinifungulia mlango, akanionyesha kitanda chenye mama aliyekuwa anasubiri, basi. Tangu hapo nimepokea watoto mpaka macho yaliponikataza.

Namshukuru sista yule. Namshukuru paroko aliyetuachia sakristia. Jirani yangu amekwisha kufa, amelala kwenye makaburi ya watu wake, na kila Mwaka Mpya nikitoka misa ninakwenda kumsalimia.

Ninyi mliofiwa mwaka huu, ninawaona. Msingoje huzuni iishe ndipo muanze kuishi. Yangu haijaisha. Nilikuwa nakwenda nayo kazini, inakaa pembeni wakati mimi nazalisha. Mtu akikuita, inuka kwanza. Furaha itakukuta huko huko, mikono yako ikiwa na kazi.

Mungu awape mwaka wenye mtu wa kumhudumia.