Ndoo Mbili za Alphonse

Benchi letu ni taruma la reli lililochoka, limelazwa juu ya matofali kando ya meza ya kahawa ya Mama Brigitte, hapa cité, mtaa wa Waafrika wa Élisabethville. Jumapili baada ya misa hukosi kumkuta Casimir, tunayemwita Gazeti kwa kuwa anazo habari zote, hata zile ambazo hazijatokea. Yupo Kunda, mpishi wa Wazungu, ambaye kwetu ni Bouillon, yaani supu, na kijana Clovis, tunayemwita Piston, mwenye mabega mapana kuliko akili. Jumapili ile mazungumzo yalikuwa yamepamba moto kwa ajili ya mzee Alphonse. Tangu ujana wake anapiga chepe mgodini, na kesho yake asubuhi alikuwa anakwenda vizita, kupimwa afya: mganga wa kampuni atamwamuru ainue sanduku la mawe mpaka begani. Akishindwa, anapoteza kazi na nyumba ya kambi, arudi kijijini Mitwaba na mkewe Constance. Alphonse mwenyewe alisema siku hizi chepe linamchosha mapema, na uchovu wa Jumatatu anaamka nao mpaka Jumatano. Tulimkataza kusema hivyo, maana sisi tulijua zaidi.

— Nyama ya muzee njo iko na ngufu, alianza Bouillon. Mi napikaka kila siku. Kuku mutoto inaiva mbio. Kuku muzee utamaliza makala yote ya kupikia, na meno itavunjika.

— Ule kuku muzee anaweza kukimbia? aliuliza Piston.

— Haraka haraka haina baraka, mutoto, alijibu Bouillon.

Gazeti alikohoa, ishara kwamba sasa atasema mwenye elimu.

— Ngufu ya muntu haipoteake. Inashuka tu. Inatoka mu mikono, inaenda mu miguu.

— Na mu miguu inaenda wapi? aliuliza Piston.

— Kwa bibi. Angalieni bazee bote: bwana anakonda, bibi ananenepa. Kamba ukatikia pembamba.

Methali hiyo haikuwa na kazi yoyote pale, lakini ilitupendeza sana. Piston akasema maneno yatosha, tuone. Tukaazima ndoo za Mama Brigitte, tukazijaza maji nusu, Piston mbili, Alphonse mbili, mikono imenyooshwa pembeni.

Piston alianza kwa kucheka. Kisha akaacha kucheka. Mikono yake ikashuka, maji yakamwagikia viatu vyake vya misa, na Alphonse bado amesimama, macho mbele, kama mlingoti wa bendera. Cité nzima ilitusikia. Gazeti akasema ushahidi wa mara moja ni bahati tu, basi wakarudia. Alphonse akashinda tena. Bouillon akasema haba na haba hujaza kibaba, wakarudia tena. Nilipiga makofi hadi viganja vikaniwaka, na nasema kweli, nilifurahi kana kwamba nyumba ile ni yangu.

— Muko munaona? Gazeti alisimama juu ya benchi. Kijana ni petroli, muzee ni makala. Kesho munganga atashangaa.

Hapo ndipo Constance alipofika kumchukua mumewe. Tulimsimulia sote pamoja, huyu akimkatiza yule: ndoo, Piston, viatu, ushindi. Alisubiri mpaka tukaishiwa pumzi.

— Na kesho asubuhi, akauliza, sanduku atainua na mikono gani?

Gazeti akashuka kwenye benchi. Piston akavua viatu vyake kumwaga maji. Alphonse akanyoosha mkono achukue kikombe chake, na kahawa ikamwagika kabla haijafika mdomoni. Akakirudisha polepole juu ya taruma, akainama, akainywea palepale.

Constance alizimwaga ndoo zote nne, akazipanga chini ya meza.

— Twende ulale, Baba Marceline, akamwambia mumewe.

Jua lilikuwa bado utosini.