Kanuni za Waliopotea Hazina Jina

Benchi la kibanda cha kahawa, chini ya nyaya zilizosokotana za Bourj Hammoud, hapa Beirut, lina watu wake. Kuna Jenereta, aitwaye hivyo kwa kuwa akishawaka kumzima ni kazi. Kuna Nukta, anayegombana na kila herufi. Na kuna Hiyam, anayewapokea akina mama wa waliopotea. Watatu hawa wana chama chao, na wanatengeneza programu ya kutunza kumbukumbu za watu waliotekwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wasionekane tena. Kanuni za ukaguzi zilishaandikwa: kila kumbukumbu iwe na jina, mwaka, na mate ya ndugu wa damu, ya kulinganisha na mifupa itakayofukuliwa. Kilichobaki ni jina la kanuni zenyewe, lenye sura ya anwani ya mtandaoni, la kudumu, na bila jina hilo maabara haipokei mate ya mtu. Hadi siku hiyo ubishi ulikuwa umekula miezi.

— Tuweke anwani ya chama chetu, tumalize, Hiyam alisema.

— Chama kikivunjika? Nukta akadakia. Umesahau kile cha kwanza kilivyovunjika? Anwani yao wameinunua watu wa kamari. Ukiifungua leo unaulizwa timu gani itashinda.

— Haifunguliwi, Nukta, akasema Hiyam. Ni jina tu la kutofautisha.

— Wewe unajua ni jina tu. Programu za wenzetu hazijui, zinakwenda kuifungua.

— Basi tuweke ya serikali, akasema Jenereta.

— Thubutu, akasema Nukta. Walioteka watu si ndio wamekaa humo? Mama gani atatoa mate yake chini ya jina hilo?

— Namba basi. Ndefu, isiyo na mwenyewe.

— Kwa hiyo mtoto wa mtu aliyepotea tumgeuze namba?

— Haya, kampuni ya sigara. Wale hawafi, wanaua tu.

— Bora makaburi, bwana. Makaburi hayahami.

— Makaburi ya dini gani? Hiyam akauliza. Utatuzulia vita vingine.

— Basi anwani ya nchi ambayo haijazaliwa, akasema Jenereta. Isiyozaliwa haina siku ya kufa.

Hiyam hakucheka. Alijichukia, maana ndiye aliyekuwa akiwaambia akina mama wasubiri.

Mzee mmoja akasimama mbele yao, kofia mkononi. Alikuwa Toros, fundi viatu wa mtaa wa nyuma.

— Nyinyi ndio wa waliopotea?

— Ndio sisi, mzee wangu. Karibu kahawa.

— Nimekunywa msibani. Mama Nadim tumemzika leo. Alikuja kwenu wakati wa baridi, mkamwambia mate yake mtayachukua jina likishapatikana.

Hiyam akainuka.

— Pole sana, mzee. Ameacha watoto wengine? Ndugu?

— Alikuwa na Nadim tu. Mimi ni jirani, mlango kwa mlango.



— Nimekuja kuuliza kitu kimoja, mzee akasema. Siku mkiifukua mifupa ya Nadim, mtajuaje kuwa ni yake?

Hiyam akamsogezea kiti.