Kumudini Hettigoda na Panya Aliokataa Kuwaachia

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kubishana nasi, Dkt. Kumudini Hettigoda anastaafu kutoka maabara yetu ya virusi hapa mjini Kandy. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu.

Ukiwa naye hunywi chai kwa amani. Thubutu kusifu seli T, zile seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa, atakukatiza: "Na zile saidizi umezisahau tena?" Kwake, saidizi ndizo zinazowafunda askari wengine wa mwili na kuwaachia kumbukumbu ya adui. Sisi tuliziona wapambe tu wa harusi.

Mwaka tulipounda chanjo ya kwanza alituchosha kabisa. Chanjo yetu iliamsha seli za kuua pekee, na mkuu wetu, Profesa Wanigasuriya, alikuwa na hamu ya kuijaribu kwa watoto. Kumudini akagoma. Akachukua panya, baadhi akawaondolea seli saidizi, akawaambukiza wote virusi vilevile ambavyo chanjo ililenga. Wote wakaugua, wote wakapona.

"Basi, dada, yamekwisha," Profesa akamwambia. "Wamepona bila hao wasaidizi wako. Tuachie vizimba."

"Wamepona leo. Wakikutana navyo tena je?"

"Wananuka mpaka kantini."

"Fungua dirisha, Profesa."

Miezi ikapita, sisi tukinung'unika, yeye akija kuwalisha hata sikukuu ya Wabudha ya Vesak. Kisha akawaambukiza tena. Panya wenye seli saidizi hawakutetereka. Wale wengine walikuwa kama hawajawahi kuviona virusi hivyo: kingamwili zao zilikuwa zimefifia, seli zao za kuua zikaamka zimechelewa. Wengi wakafa.

Profesa alisimama mbele ya vizimba. "Chanjo ile tungewapa watoto," akasema.

Nilimngojea Kumudini ajigambe. Haki alikuwa nayo. Akasema tu, "Hatujawapa," akaenda kunawa mikono.

Tulianza chanjo upya, safari hii ya kuamsha aina zote mbili za seli. Ilitugharimu miaka, na kila wiki ya miaka hiyo alitusahihisha, hata tulipokuwa sahihi. Lakini ilipofika zamu ya binti yangu kuchanjwa, sikuuliza swali hata moja. Nilimshika tu mkono.

Asante, Dada Kumudini. Tunakuombea afya, usingizi mnono na majirani wenye masikio mazito. Nenda ukapumzike, nasi utupumzishe.